Ndege wa baridi: shajara ya picha, Ununio na Oulu

26 Oktoba

Haya wakuu, naandika maendeleo ya huu mradi ili nisije nikauacha njiani kama ule wa kupiga picha milango ya Kariakoo, ule ulikufa wiki ya pili na hata matanga haukufanyiwa.

Stori iko hivi. Mdogo wangu yuko Oulu, Ufini, anasoma mchana na usiku anafanya usafi kwenye majengo. Juzi kanitumia voisi, anahema kama kakimbizwa na mbwa, anasema bro huku ndege wameisha, ziwa liko kimya, kila mwenye mabawa ya maana kasepa, tumebaki sisi maskini. Mimi wakati huo niko Ununio, ufukweni huku Dar, na samosa mkononi, mbele yangu tope lote limejaa ndege wanachokoachokoa, nikamwambia dogo hao wageni wako wamefika, wengine ninao hapa.

Sio kwamba ni walewale aliowaona yeye, tusidanganyane. Ila wengi wa hawa wadogo wa pwani wanaokuja kwetu kuanzia mwezi wa nane na wa tisa wanatoka huko juu kabisa, Siberia na nchi zilizo karibu na ncha ya kaskazini, wanazaliana kwenye ule msimu wao mfupi wa joto halafu theluji ikinukia wanashuka. Kuna mmoja ana mdomo mrefu umepinda kidogo kwenda chini, uzito wake gramu 60 hivi, yaani kama yai moja la kuku, na kaja zaidi ya kilometa 8,000. Mimi kutoka Sinza mpaka Tegeta nikisimama kwenye daladala nafika nalalamika.

Dili tulilokubaliana: kila baada ya wiki mbili, siku moja, yeye anapiga picha ya ndege aliyebaki kwenye baridi, mimi napiga ya ndege aliyeikimbia. Tunaziweka pembeni kwa pembeni. Ndege wawe wa porini, hakuna kuwaita kwa sauti za kwenye simu, hakuna kuhariri mpaka ndege abadilike rangi. Mwisho ni mwezi wa tano.

Vifaa: kamera ya mtumba na lenzi ya kuvuta mbali, mm 300, nayo ya mtumba, ring'i ya zumu ina mchanga ndani inasaga kama pilipili manga. Dogo kaazima kamera kwa mwenzake wa chuo. Ujuzi: mimi nafanya kazi studio ya picha za paspoti. Miaka sita nawaambia watu tulia, usipepese, kidevu juu kidogo. Ndege hawana huo utii.

9 Novemba

Picha ya kwanza: hakuna.

Ilivyokuwa, nililala studio ili niwahi, AC ikakesha kwenye nyuzi 18 na kamera iko mezani pale chini yake. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nadaka boda, nafika Ununio kumepambazuka vizuri, vitwitwi (wavuvi wanawaita hivyo ndege wote wadogo wa pwani, hawahangaiki kutenganisha) wako kama mita kumi na tano, natoa kamera kwenye begi, naweka jicho. Nyeupe. Kama nimechungulia ndani ya sufuria la wali. Lenzi yote imetoa jasho, nikafuta na fulana, ikatoa tena, nikafuta, ikatoa. Dakika karibu arobaini. Ilipokuja kukauka jua lishapanda, ndege wako mbali na mbele ya lenzi kuna ramani ya fulana yangu.

Nikamtumia dogo malalamiko. Akacheka mpaka akakohoa, akasema yeye siku hiyohiyo kapata kitu kilekile ila kinyume: kapiga nje kwenye nyuzi tano chini ya sifuri, kaingia ndani kwenye joto, kamera ikalowa chapachapa, mpaka nyuma ya kioo.

Tukakaa tukalijadili kama watu wazima. Ni jambo moja tu hili. Hewa yenye unyevu ikikutana na kitu cha baridi inaacha maji yake pale, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Kwake kitu cha baridi kinaingia kwenye hewa ya joto, kwangu kitu cha baridi cha AC kinatoka kwenda kwenye joto la Dar na unyevu wake, tofauti ni mlango unaelekea wapi. Na dawa ni moja: mfuko wa nailoni unaofungwa. Yeye anaifunga kamera akiwa bado nje ndipo anaingia nayo, anaiacha saa nzima au mbili, maji yanatua juu ya mfuko badala ya juu ya lenzi. Mimi naifunga ndani ya AC ndipo natoka. Au, kama alivyoniambia bosi wangu bila hata kuinua kichwa kwenye simu, "si uzime AC."

23 Novemba

Leo nimejifunza maji. Nilikuwa nakwenda asubuhi kwa sababu kila mtu anasema picha ni asubuhi. Sasa pwani yetu hii inatazama mashariki, asubuhi ukielekeza lenzi baharini unaelekeza kwenye jua, ndege wote wanatoka weusi kama kivuli cha ukutani. Halafu maji yakiwa yamekupwa ndege wako huko, mbali, unaona nukta.

Kuna mzee mmoja huwa anashona nyavu chini ya mti wa mkungu. Shikamoo mzee, marahaba, akanitazama na mzigo wangu akasema, mwanangu wewe unawafuata, wafuatwe na maji. Akanifundisha: njoo siku za bamvua, maji makubwa, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanakupwa saa nne saa tano asubuhi na yanajaa kwenye saa kumi jioni. Wewe kaa kwenye saa nane na nusu, tulia. Maji yanavyopanda yanawasogeza ndege wenyewe mpaka miguuni kwako, na jua liko mgongoni. Siku za maji mafu, yasiyopanda sana, lala nyumbani.

Nimefanya hivyo jioni hii na aisee. Bila kusogea hata hatua moja.

Mzee huyohuyo kanipa jina la yule mkubwa wa kahawia mwenye mdomo mrefu uliopinda: sululu. Nikamuuliza sululu kama ile ya kuchimbia? Akasema sasa wewe mtazame mdomo wake halafu uniulize tena. Nikamtazama. Anauzamisha wote kwenye shimo la kaa, anauzungusha, anatoa kaa anayerusha makucha, anamtikisa mpaka miguu inakatika, mmoja baada ya mwingine, ndipo anammeza. Fundi wa ujenzi mtupu.

Picha ya dogo wiki hii: talitintti. Mdogo, kifua cha njano na mstari mweusi katikati kama kavaa tai. Jina lake la Kiswahili silijui, kwetu haji, huyu ni wa kubaki. Dogo anasema "tali" maana yake mafuta ya mnyama, watu wanawatundikia vipande vya mafuta kwenye miti wakati wa baridi wale. Na alizeti! Ndege wanawekewa alizeti! Watu wa Singida mpo?

21 Desemba

Oulu leo nyuzi 24 chini ya sifuri. Jua limechomoza saa nne na nusu asubuhi na saa nane mchana lishazama, na hata likiwepo halipandi, linatambaa tu juu ya miti, kwa hiyo mwanga wote wa siku ni ule wa dhahabu ambao sisi tunaupata dakika ishirini. Nilimwonea wivu kwa kama dakika moja, mpaka akanielezea mengine.

Betri yake ilikuwa imejaa, kapiga picha kama thelathini ikasema imekwisha. Kaitia kwapani, kaendelea na ya pili, ile ya kwanza ilipopata joto ikarudi na nusu. Haikuwa imekwisha, ilikuwa imelala, baridi inapunguza mwendo wa zile kemikali ndani yake. Sasa hivi anatembea na betri tatu ndani ya shati kama mganga. Pua inagusa kioo cha nyuma, pumzi inaganda palepale, haoni kitu, na ole wako ujaribu kupuliza lenzi kama tunavyopuliza huku, unaweka barafu. Vidole: glavu nyembamba ndani, nene juu, anavua ile ya juu anapiga mbili tatu anarudisha. Stendi ya chuma kaizungushia sponji la kufunikia mabomba kwa sababu chuma kwenye baridi ile kinavuta mkono.

Ila shida iliyomchosha zaidi ilikuwa theluji. Kila picha theluji inatoka ya kijivu, chafu, kama majivu ya jikoni, na ndege yuko gizani.

Hapa wakuu ndipo nilipojisikia mtu. Mimi theluji sijawahi kuiona, ile ya Kilimanjaro yenyewe nimeiona kwenye chupa ya maji, lakini bakgraundi nyeupe ya picha za viza nimeipiga miaka sita. Kamera haijui kitu cheupe. Yenyewe inadhani dunia nzima ni ya kijivu cha wastani, ukiijazia weupe inashtuka, inapunguza mwanga mpaka weupe uwe kijivu, na mteja anarudishiwa picha. Nikamwambia dogo ongeza mwanga kwa makusudi, anza na stopu moja (yaani mwanga mara mbili), ukiona theluji bado inanuna nenda moja na nusu mpaka mbili, ila angalia usiunguze. Baada ya nusu saa kanitumia talitintti kwenye tawi, kajivimbisha manyoya mpaka kawa duara kama kitumbua, theluji nyeupe peee, na jicho lina nukta ya mwanga. Ile picha ni nzuri kuliko zangu zote mpaka leo, nasema bila wivu, au na wivu kidogo.

Zangu: yangeyange mbele ya mikoko ya Kunduchi. Huko ni kinyume, ndege mweupe na nyuma giza, kamera inaongeza mwanga ndege anaungua anakuwa kipande cha karatasi. Nimepunguza stopu moja, manyoya yameonekana.

11 Januari

Hii siipendi lakini shajara ni shajara.

Nilikuwa na kundi zuri, vitwitwi kama mia na hamsini hivi, wamelala kwa mguu mmoja kwenye ulimi wa mchanga, maji yamejaa. Nikataka picha ya kundi likiruka. Shata (kasi ya kupiga) 1/2000 ya sekunde, kila kitu kiko tayari, hawaruki. Nikapiga makofi. Wakaruka, wakageuka hewani wote kwa pamoja wakawa weupe halafu wakawa kahawia, nikapiga picha arobaini, nikafurahi. Wakarudi kutua, kunguru kama kumi wakawaingilia, wakaruka tena, wakazunguka, wakatua, kunguru tena. Mwishowe wakaelekea upande wa Mbweni na hawakurudi. Kunguru wenyewe hawa ni wageni, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, na tangu hapo hakuna aliyewaweza.

Nikamtumia dogo picha najisifu. Kimya siku nzima. Halafu voisi ya dakika nne, dogo ambaye nilimfundisha kufunga kamba za viatu ananifokea. Anasema talitintti wake ana gramu kama 18, mchana wa saa nne na kitu ndio muda wake wa kula, na usiku wa saa karibu ishirini anatetemeka kwenye tundu anaunguza karibu mafuta yote aliyojiwekea. Akimrusha mara kumi ili apate picha, amemlia nusu ya chakula cha usiku. "Na wewe hao wako walikuwa wamelala bro, ungelala wewe halafu mtu aje apige makofi?"

Nikataka kumjibu kwamba huku hakuna nyuzi 24 chini ya sifuri. Sikumjibu, kwa sababu nilishaanza kufikiria mwezi wa nne. Hawa nao wanajiwekea mafuta, safari ya kurudi ni ileile.

Zile picha arobaini nimefuta. Moja ilikuwa kali sana, ya pili kutoka mwisho. Nayo nimefuta.

15 Februari

Joto, jamani. Kaskazi imekata, hewa imesimama, nyuzi 33 na unyevu kama wa ndani ya jungu.

Picha zote za mchana laini laini, nikadhani fokasi ya lenzi imekufa, nikampelekea fundi, fundi kasema lenzi haina kosa ila ina mchanga (ahsante). Tatizo ni hewa. Tope na mchanga vikipata moto hewa ya juu yake inachemka, inacheza, ukipiga ndege aliye mbali unapiga kupitia supu. Hakuna lenzi ya bei yoyote itakayokutoa hapo, dawa ni kumsogelea, yaani umsubiri asogee, au upige jua likiwa limelegea.

Cha ajabu dogo naye kalalamika hilohilo wiki hiyohiyo! Alikuwa kwenye gari ya rafiki yake, hita inawaka, kafungua dirisha akapiga ndege anaitwa punatulkku (huyu ana kifua chekundu cha kupendeza, mnene kama mtoto wa tajiri), picha zote zikayumba. Joto la ndani lilikuwa linatoka dirishani linakutana na baridi, supu ileile. Wakazima hita, wakafungua madirisha yote, wakasubiri huku wanaganda. Rafiki yake hajampa lifti tena.

Pia lenzi yangu imeota ukungu, kautando kama buibui pembeni. Sasa nailaza kwenye ndoo ya mfuniko na vile vifuko vya silika jeli vya kunyonya unyevu, vya kwenye maboksi ya viatu, nimekusanya kwa wauza viatu Kariakoo, bure, wameniona chizi.

29 Machi

Masika imeanza. Picha mbili tu, zote za mvua. Mla kaa nimemkosa tena, yule mweupe na mweusi mwenye domo nene. Huyo kwanza hakimbii baridi, anatoka pande za Uarabuni anakozaliana kwenye mashimo ya mchangani na yai lake moja, kwa hiyo kwenye mradi hana namba, ila namtaka tu.

12 Aprili

Nimempata.

Bamvua, mvua imekatika saa saba, mawingu mepesi. Nimelala kifudifudi kwenye mchanga mbichi juu ya gunia, kamera juu ya mfuko wa mchele uliojazwa mchanga, nusu ya mwili wangu umelowa, watoto wawili wamekaa nyuma yangu wanabishana kama nimekufa. Saa tisa maji yanakuja. Vitwitwi wanakuja na maji.

Wiki hizi wamebadilika. Wale wa kijivu niliowapiga tangu Novemba, wenye mdomo uliopinda, wanaanza kuvaa wekundu, wekundu wa tofali lililochomwa vizuri, ndio nguo yao ya harusi na wanaivalia huku kabla ya kuondoka. Mmoja akaja mita sita. Tumbo lote jekundu ila begani bado ana manyoya matatu ya zamani, ya kijivu, yamechakaa pembeni kama nauli ya daladala, na amenenepa, tumbo linakaribia kugusa maji. Akazamisha mdomo, akavuta mnyoo, mnyoo ukavutika ukawa mrefu kama mpira wa manati, hakukata, akalegeza kidogo, akauacha upumue, akavuta tena taratibu. Ukatoka mzima. Akauosha kwenye maji, akameza. Nilipiga picha tisa. Shata 1/1600. Aliondoka akitembea.

Mtoto mmoja akasema kumbe hajafa.

Picha ya dogo siku hiyo: bahari ya Oulu bado barafu, mtu anavua samaki kwenye tundu, na kwa mbali shakwe wa kwanza kurudi kasimama juu ya barafu anamtazama. Tumeziweka pembeni kwa pembeni. Dogo kasema usiandike maelezo yoyote chini yake, nami sijaandika.

18 Mei

Wekundu wameondoka wote. Ununio ni kunguru na majani ya bahari.

Jana usiku dogo katuma voisi ya sekunde kumi na moja. Alikwenda na wenzake kaskazini zaidi, kwenye yale mabwawa ya majani majani na matope. Upepo, upepo, buti linazama, halafu filimbi: ti-ti-ti-ti-ti-ti-ti, saba, haraka haraka, za sauti moja. Niliitambua kabla hajasema kitu.

Jioni nikaenda nayo kwa mzee wa nyavu. Njiani nimeona sululu wanne wamebaki kwenye tope, mzee kasema kila mwaka kuna wanaobaki, hao ni watoto wa mwaka jana, hawajafikia kuoa. Nikamwekea simu sikioni.

"Huyo sululu. Umemrekodi hapa?"

"Hapana mzee, Ufini. Kwa mdogo wangu."

Akasikiliza tena, mara ya tatu, sindano ya nyavu iko hewani. "Huko nako kuna kaa?"

Nikampelekea dogo swali. Jibu limeingia asubuhi hii nikiwa napiga mteja: mwambie mzee hakuna kaa, kuna mbu, na mbu wa huku wanang'ata juu ya suruali.